Je, Ukali Ni Sharti la Malezi? Kocha Aliyeshinda Mechi 489 Bila Kipenga Mazoezini



Ndugu msomaji, swali ninaloleta katika toleo hili ni fupi: je, mtu anaweza kulelewa akawa imara bila kuumizwa na anayemlea? Wengi wetu tuna jibu kabla swali halijamalizika. Tumekuzwa na methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye, na nyingine isemayo samaki mkunje angali mbichi. Tumepita katika shule na madrasa ambazo kiboko kilikaa pembeni ya ubao kama kifaa cha kufundishia, sawa na chaki. Na tukikaa hosteli baada ya Isha tukihadithiana viboko tulivyokula utotoni, tunacheka, kisha mmoja wetu humalizia kwa kauli ile ile: bila ya vile, leo tusingekuwa hapa chuoni.

Kauli hiyo ndiyo nataka tuipime, na sitaipima kwa mfano mwepesi. Mtu akitetea upole kwa kumtaja mwalimu wa kuchora, mtetezi wa ukali atamjibu haraka kwamba hiyo ni kazi laini, na upole unaifaa. Njoo kwenye kazi ngumu uone. Kwa hiyo nakwenda kwenye kazi ngumu. Nakwenda Marekani, kwenye futiboli yao, mchezo ambao vijana hugongana miili kwa makusudi, na ambako kocha mkali amesifiwa miaka na miaka kama mtu anayewageuza wavulana kuwa wanaume. Ikiwa kuna mahali popote ambapo malezi hayawezekani bila ukali, basi ni huko.

Mchezo na ada yake

Futiboli ya Kimarekani haifanani na soka tunalolijua. Kila upande una wachezaji 11, mpira una umbo la yai, na mara nyingi hubebwa mikononi. Anayeubeba hukimbia kuelekea mwisho wa uwanja, na wapinzani humkamata, humkumba na kumwangusha. Wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega kwa sababu wasipovaa wataumia, na hata wakivaa wanaumia.

Kwa muda mrefu makocha wengi waliamini kwamba mchezo wa namna hii hauandaliwi ila kwa mazoezi yanayofanana na adhabu. Mchezaji agongane na wenzake kila siku mpaka asiogope tena kugongana. Akimbizwe juani mpaka miguu imshinde. Na la ajabu kuliko yote, anyimwe maji, kwa imani kwamba maji wakati wa mazoezi humlegeza mtu.

Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1954. Paul Bryant, aliyejulikana kwa lakabu ya Bear, yaani Dubu, alikuwa ndiyo kwanza ameipokea timu ya chuo cha Texas A&M. Mwezi wa Septemba aliwapeleka vijana wake katika mji mdogo wa Junction, Texas, wakati wa ukame na joto kali, akawafanyisha mazoezi siku kumi bila mapumziko ya kunywa maji. Waliokwenda walikuwa takriban mia moja. Waliomaliza walikuwa kama theluthi moja tu; wengine waliondoka mmoja mmoja, baadhi yao wakitoroka usiku. Msimu huo timu ilishinda mechi moja na kupoteza tisa. Lakini mwaka 1956 ilitwaa ubingwa wa ligi ya ukanda wake bila kupoteza mechi hata moja, na tangu hapo kambi ya Junction inasimuliwa kama hadithi ya ushujaa.

Ushujaa huo una upande mwingine. Mwezi Mei mwaka 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa timu ya Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mwilini akiwa mazoezini, na mwezi Juni akafariki. Chuo kilikiri kwamba dhima ya kisheria na ya kimaadili ni yake, na kabla mwaka haujaisha kocha mkuu aliondolewa. Basi tusilichukulie swali hili kama mazungumzo ya kunywea chai. Kuna wazazi waliomzika mtoto kwa sababu ya jibu ambalo watu wazima walikuwa nalo kichwani.

Nahodha wa miaka 16

Sasa tumtazame mtu mwingine. John Gagliardi alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Trinidad, jimbo la Colorado. Mwaka 1943 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Kikatoliki mjini hapo na nahodha wa timu ya futiboli. Kocha wao akaitwa jeshini, maana ilikuwa Vita Vikuu vya Pili, na shule ikawa karibu kuivunja timu. Gagliardi, akiwa na miaka 16, akauomba uongozi wa shule umwachie yeye kazi ya kuwafundisha wenzake. Wakamkubalia.

Hebu ifikirie nafasi aliyokuwa nayo. Hana mshahara, hana cheo, hana umri wa kuogopwa. Anaowaongoza ni wenzake wa darasani. Akiwatesa watarudi nyumbani, na timu itakufa. Mtu wa namna hiyo analazimika kuyachambua mazoeo aliyoyarithi: katika yale tuliyokuwa tukifanyishwa, yapi yanatusaidia kucheza vizuri, na yapi yanatuchosha tu? Yale aliyoona hayana faida akayatupa. Akaondoa mazoezi ya viungo ya kuchosha mwili bure. Akawaruhusu wenzake kunywa maji. Hii ilikuwa miaka 11 kabla ya kambi ya Junction.

Baada ya hapo alifundisha timu ya sekondari nyingine, St. Mary's ya Colorado Springs, huku mwenyewe akisoma Colorado College. Mwaka 1949 akaajiriwa Carroll College, chuo kidogo katika mji wa Helena, Montana. Mwaka 1953 akahamia Saint John's University huko Collegeville, Minnesota, chuo cha wanaume kilichoanzishwa na watawa wa Kibenedikto. Hapo alibaki mpaka alipostaafu mwaka 2012 akiwa na miaka 86. Alifariki Oktoba 2018.

Saint John's si chuo cha kutajwa kila siku kwenye televisheni. Kinacheza daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako mchezaji hapewi ufadhili wa masomo kwa ajili ya kucheza. Na kazi ya Gagliardi hapo ilijulikana kwa orodha yake ndefu ya mambo yasiyokuwepo. Hakuna kuangushana mazoezini. Hakuna kipenga. Hakuna mazoezi ya kutwa. Kama dakika 90 zinatosha. Hakuna kukimbizwa kwa adhabu. Hakuna kumkata mchezaji anayetaka kuwemo kikosini. Hakuna hata kumwita kocha. Mwite John, basi. Mbu wakizidi uwanjani, mazoezi yanakatizwa. Na lilikuwepo zoezi moja ambalo waandishi wa michezo walipenda kulisimulia: wachezaji walilala chali kwenye nyasi wakaambiana jinsi siku ilivyo nzuri.

Ukiishia hapo utasema huyu alikuwa akiendesha pikiniki. Lakini angalia hesabu. Katika misimu 64 ya vyuo, timu zake zilishinda mechi 489, zikapoteza 138, zikatoka sare 11. Hakuna kocha yeyote wa futiboli ya vyuo katika historia ya Marekani aliyeshinda mechi nyingi kuliko hizo. Mwezi Novemba 2003 alimpita Eddie Robinson wa Grambling State, gwiji aliyestaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi 408. Alitwaa ubingwa wa taifa kwa vyuo vya ngazi yake mara nne: 1963, 1965, 1976 na 2003. Kati ya ubingwa wa kwanza na wa mwisho ni miaka 40. Huwezi kusema alibahatika na kizazi kimoja cha vijana wazuri.

Dharura iliyodaiwa

Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tumezoea kuuliza swali moja kabla ya mengine: asili ya jambo hili ni nini? Katika asili, mwili wa mwenzako na heshima yake ni vitu vilivyolindwa. Kumuumiza au kumdhalilisha si jambo la mubaha ambalo kila mtu analifanya akipenda. Anayetaka kutoka nje ya asili hiyo ndiye anayedaiwa ushahidi, wala si yule anayelindwa na asili.

Mlezi mkali analijua hilo, ndiyo maana haji mikono mitupu. Huja na dharura. Husema: mimi sipendi kumuumiza, lakini hakuna njia nyingine. Bila ya hivi hatasoma, hatahifadhi, hatashinda, hatakuwa mwanamume. Dharura huruhusu kilichokatazwa, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua kanuni hiyo. Lakini anajua pia kwamba dharura haithibitiki kwa mtu kuitamka. Aliyekula nyamafu hapewi udhuru ikiwa mkate ulikuwa mezani.

Sasa tazama uzito wa maneno "hakuna njia nyingine". Ni dai la jumla. Na dai la jumla huvunjwa na mfano mmoja wa kinyume chake, ilimradi mfano uwe wa kweli na uwe katika jambo lile lile. Gagliardi ni mfano huo. Mchezo ni ule ule, vijana ni wa umri ule ule, nchi ni ile ile, na zama ni zile zile za Bryant. Mkate ulikuwa mezani tangu mwaka 1943.

Wala hakubaki peke yake mpaka mwisho. Mwaka 2010 kocha Buddy Teevens wa Dartmouth aliondoa kuangushana katika mazoezi ya timu yake, na mwaka 2015 timu hiyo ikawa miongoni mwa mabingwa wa Ivy League. Mwaka 2011 ligi ya kulipwa ya NFL iliwekewa kikomo cha mazoezi ya kugongana, 14 tu ndani ya msimu wa kawaida. Mwaka 2016 makocha wa Ivy League walikubaliana kuondoa kuangushana katika mazoezi ya ndani ya msimu. Walisukumwa na hofu ya madhara ya ubongo, siyo na huruma peke yake. Hata hivyo walifika alipokuwa amesimama yule kijana wa Trinidad.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki, na sisemi zaidi ya hiki: mlezi mkali amepoteza udhuru wake. Anaweza kuendelea na ukali, lakini asiseme tena kwamba amelazimika.

Pingamizi tatu

Nimelijadili jambo hili na ndugu kadhaa baada ya darsa, na pingamizi zao zina uzito. Nitazitaja kama walivyozitaja.

La kwanza: Bryant naye alishinda. Ni kweli, alishinda sana, hapo na kwingineko. Lakini ushindi wake unathibitisha kwamba ukali na ushindi vinaweza kukutana. Hauthibitishi kwamba wa kwanza ndio ulioleta wa pili. Na kuna kosa la hesabu ambalo tunalifanya kila siku. Hadithi ya Junction inasimuliwa na waliobaki. Theluthi mbili zilizoondoka hazialikwi kwenye sherehe za kumbukumbu. Nilisoma katika madrasa moja ambayo ustadhi wake alikuwa na mkono mwepesi. Tulianza wengi, tukamaliza saba. Alikuwepo kijana mmoja aliyetushinda sote kwa hifdhi. Alikuwa amefikisha juzuu tano wakati mimi nahangaika na Juzuu Amma. Siku moja alipigwa mbele yetu kwa kuchelewa, ilhali alikuwa ametoka kumpeleka mdogo wake zahanati. Hakurudi tena. Leo anaendesha bodaboda, kazi ya halali na ya heshima, lakini akipita karibu na msikiti ule hasimami. Sisi saba tukikutana tunasema kiboko kilitujenga. Yeye hayupo kwenye kikao hicho kusema kilimfanya nini.

La pili: wachezaji wa Gagliardi walikuwa watu wazima waliokuja kwa hiari yao, hawakufungwa na ufadhili, wangeweza kuondoka wakati wowote. Upole kwa watu wa namna hiyo ni rahisi. Mtoto wa madrasa ni mwingine. Pingamizi hili nalipenda kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli huo unaelekea kinyume cha alikotaka kufika mwenye kulileta. Ikiwa mlezi huwa mpole pale anayelelewa anapoweza kuondoka, na huwa mkali pale asipoweza, basi ukali haukutokana na ugumu wa somo. Umetokana na udhaifu wa mwanafunzi. Kijana wa Junction alikuwa na basi la kumrudisha kwao. Mtoto wa miaka minane aliyeletwa na baba yake hana pa kukimbilia, na kwa hiyo ndiye anayestahiki ulinzi zaidi.

La tatu ndilo zito kuliko yote: je, unausifu upole kwa sababu umeshinda? Kama Gagliardi angepoteza mechi 489 badala ya kuzishinda, ungeandika makala haya? Ukisema hapana, basi hukutetea maadili. Umetetea mbinu, na kesho mbinu nyingine ikishinda zaidi utaihama hii.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na jibu nililolipata halikutoka Minnesota. Limetoka katika Surat Aal Imran. Sote tunaijua aya ya 159, inayoeleza kwamba ulaini wa Mtume (s.a.w.) kwa watu wake ulikuwa rehema kutoka kwa Allah, na kwamba ukali na ugumu wa moyo ungewatawanya wakamwacha. Tunaitaja sana kwenye hotuba. Tusichokitaja sana ni mahali ilipokaa. Imekaa katikati ya aya zinazozungumzia Uhud. Yaani imekuja baada ya kushindwa. Wapiga mishale waliacha kituo chao kinyume cha amri, takriban Masahaba 70 wakauawa, Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Ikiwa kuna siku ambayo kiongozi angesamehewa kuwa mkali, ni siku hiyo. Na siku hiyo hiyo ndiyo anayoelekezwa kuwasamehe, kuwaombea maghufira na kuwashauri katika mambo yao.

Upole huo haukuwa malipo ya ushindi wala mbinu ya kupata ushindi. Uliamrishwa mbele ya watu waliokosea na kupoteza. Kwa hiyo namjibu ndugu yangu: ndiyo, ningeandika. Ushindi wa Gagliardi kazi yake ni moja tu, kumwondolea mlezi mkali kisingizio. Wajibu wenyewe wa upole haukai juu ya mechi 489. Ungebaki hata kama zingekuwa sifuri.

Ugumu wa kitu na ugumu wa mtu

Hapa yupo atakayeniuliza: basi tuwaache watoto walale chali watazame mawingu? Hapana. Methali ya mchelea mwana kulia bado ni ya kweli, lakini tuisikilize vizuri. Inamkataza mzazi kuogopa kilio cha mwana. Haimwamrishi amlize.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Kila jambo lenye thamani lina ugumu wake. Kuhifadhi Qur'ani ni kugumu, kuamka kabla ya Alfajiri ni kugumu, sarufi ya Kiarabu ni ngumu, na kukumbwa na mtu wa kilo 110 uwanjani ni kugumu. Ugumu huo ni wa kitu chenyewe. Mlezi hawezi kuuondoa na hapaswi kujaribu. Lakini kuna ugumu mwingine ambao mlezi huuongeza kutoka kwake: matusi, kudhalilisha mbele ya wenzake, kunyima maji, kiboko cha hasira. Huo si wa kitu, ni wa mtu. Nao una hila, kwa sababu hujificha nyuma ya ule wa kwanza. Mwanafunzi akilia hujui analizwa na somo au na mwalimu, na mwalimu hupenda kuamini kwamba ni somo.

Gagliardi hakuondoa ugumu wa futiboli. Siku ya mechi vijana wake walikumbana na wapinzani kama timu nyingine yoyote. Wiki nzima walirudia michezo yao kwa usahihi mpaka kila mmoja ajue hatua yake na ya mwenzake, na anayeielewa zaidi ndiye anayecheza. Alichoondoa ni kile alichoweza kukiongeza yeye.

Mfano mwingine wa tofauti hii unatuhusu moja kwa moja. Katika mji wa Dearborn, Michigan, kuna sekondari iitwayo Fordson, ambayo wanafunzi wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Kiarabu, na timu yake ya futiboli hivyo hivyo. Mwaka 2010 Ramadhani iliangukia Agosti, mwezi wa mazoezi makali ya kabla ya msimu. Kocha Fouad Zaban alikuwa na njia mbili za makosa. Angeweza kuwaambia vijana kwamba mwanamume hufunga na hukimbia juani pia. Au angeweza kuwashawishi wale. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliyahamishia mazoezi usiku, kuanzia kama saa tano mpaka karibu na daku, ili wanywe maji. Ugumu wa swaumu ukabaki mahali pake kwa sababu ni wa ibada. Ugumu wa futiboli ukabaki kwa sababu ni wa mchezo. Kiu ya mchana uwanjani haikuwa ya ibada wala ya mchezo, ilikuwa ya ratiba tu, na ratiba hubadilishwa.

Wala tusidhani fikra hii ni ya Kimarekani. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ana mlango mzima unaoonya juu ya ukali kwa wanafunzi. Anaeleza kwamba anayelelewa kwa nguvu na kulemewa husinyaa nafsi, hupoteza uchangamfu, huwa mvivu, kisha hujifunza uongo na hila ili kuuepuka mkono wa anayemtisha, mpaka hila inakuwa tabia yake. Kisha anakwenda mbali zaidi, anasema hali hiyo huyapata hata mataifa yanayotawaliwa kwa mabavu. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao babu zetu walitawaliwa na wakoloni kwa kiboko hicho hicho, tuna sababu ya kuusoma mlango huo mara mbili.

Tusichukue kila kitu

Kumwiga mtu si kumnakili. Wachezaji wa Gagliardi walimwita John, na kwao ilikuwa sawa. Kwetu mtoto akimwita ustadhi wake kwa jina tupu atakuwa amekosa adabu, na ada ina nafasi yake katika sheria. Lakini tuangalie maana iliyokuwa nyuma ya tendo. Alitaka heshima atakayoipata itokane na kazi yake, isitangulizwe na cheo. Maana hiyo inaweza kuishi ndani ya neno Ustadhi, Sheikh au Mwalimu bila tatizo. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, akasimulia kwamba hakuwahi kuguniwa wala kuulizwa kwa kero kwa nini umefanya hivi. Hakuna aliyepungukiwa na heshima kwa sababu hiyo.

Pia sijasema futiboli yenyewe ni mchezo mwema. Mchezo unaoharibu ubongo wa baadhi ya wachezaji wake una maswali yake ya kifiqhi, na yanahitaji makala nyingine. Hoja yangu ilihitaji mahali ambapo ukali ulidai kuwa na haki zaidi, na nimelionyesha dai hilo likivunjika hapo hapo.

Linatuhusu vipi? Wiki chache zijazo tunafunga chuo. Wengi wetu tutarudi nyumbani, na kama kawaida imamu wa mtaa atatukabidhi darasa la watoto, kwa sababu sisi ndio wasomi. Katika jumuiya yetu pia kuna amiri, kuna wakuu wa kamati, kuna ndugu wa mwaka wa tatu wanaowapokea wa mwaka wa kwanza. Kila mmoja wao atakuwa na watu chini yake wasioweza kuondoka kirahisi. Kiboko kitakuwa pembeni ya ubao, na ulimi utakuwa mdomoni, na ulimi nao ni kiboko.

Ninapendekeza kipimo kimoja kabla ya kukiinua chochote kati ya viwili hivyo. Jiulize: ugumu ninaotaka kumtwisha huyu, ni wa somo au ni wangu? Ukiwa wa somo, mtwishe na umsaidie kuubeba. Ukiwa wako, uweke chini. Na kama huna hakika, rudi kwenye asili: yeye amelindwa, na wewe ndiye unayedaiwa ushahidi.

Yule kijana wa Trinidad aliweza kuyachambua aliyoyarithi akiwa na miaka 16, bila mwalimu wa kumwelekeza. Sisi tuna Qur'ani, tuna sira, tuna Ibn Khaldun kwenye rafu ya maktaba, na tuna zaidi ya miaka 20. Udhuru wetu ni mdogo kuliko wake.

Wabillahi tawfiq.